Kupima ubongo wa mbele unaposhika mahali: mwongozo wa anayeanza, kutoka Mwanza

Mtazame mchezaji mzuri wa bao pale Kirumba. Mkono umeshika kete na hausogei. Macho yanazunguka kwenye mashimo 32, midomo kimya. Kichwani ameshacheza tayari: kete ya mwisho inaangukia shimo lipi, atakula au atatakata, mpinzani atabaki na nini. Mtu akimsemesha hapo katikati, picha yote inamwagika na inabidi aanze upya. Uwezo huo wa kushika mahali kichwani kwa sekunde chache huku ukipafanyia kazi ndio wataalamu wanaouita kumbukumbu ya kazi ya mahali, na sehemu ya ubongo inayobeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo iko mbele, nyuma ya paji la uso na juu yake kidogo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kupima sehemu hiyo ikiwa kazini, kwa kifaa kinachobebeka kwenye begi: wanafunzi wa afya, wasaidizi wa utafiti, au mwalimu wa saikolojia aliyepewa kifaa bila maelekezo ya maana. Nimeuandika kwa mpangilio ambao ningependa kupewa mimi nilipoanza, kwa sababu rekodi nyingi nilizopoteza ziliharibika kabla kifaa hakijawashwa.

Ujue kwanza unachokiona

Kifaa hakioni wazo. Kinaona damu. Seli za ubongo zikifanya kazi zaidi, mishipa ya eneo hilo hupanuka na kuleta damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayotumika. Seiji Ogawa alitumia badiliko hilo mwaka 1990 kuonyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kufuatilia oksijeni ya damu ubongoni. Lakini MRI inataka jengo lake, fedha nyingi na mtu alale tuli ndani ya bomba lenye kelele. Njia ya mwanga ilikuwa imeshafunguliwa mwaka 1977, pale Frans Jöbsis alipoonyesha kwamba mwanga wa infraredi iliyo karibu na wekundu unapenya fuvu na kurudi na habari za oksijeni. Kifaa cha aina hii wanakiita fNIRS.

Washa tochi ya simu, ifunike kwa kidole. Kidole kinawaka chekundu. Rangi nyingine zimemezwa, nyekundu imepita. Kifaa kinafanya hivyohivyo kwa rangi mbili ambazo jicho halizioni vizuri au halizioni kabisa, mara nyingi karibu na nanomita 760 na 850. Hemoglobini isiyo na oksijeni humeza zaidi ile ya 760, yenye oksijeni humeza zaidi ile ya 850. Ukijua kiasi gani cha kila mwanga kimepotea njiani, unakokotoa damu ya aina zote mbili imepanda au imeshuka.

Taa na kipokezi cha mwanga hupachikwa kwenye kofia anayovaa mpimwaji, umbali wa sentimita 3 hivi. Mwanga unaotoka kwenye taa na kufika kwenye kipokezi hupita njia iliyopinda kama ndizi, na hufika kina cha sentimita moja na nusu hivi chini ya ngozi. Kwa hiyo unaona gamba la juu la ubongo tu. Akikuuliza mtu kama unaweza kupima hipokampasi, sehemu ya ubongo ambayo imejificha ndani kabisa, mwambie hapana, usimung'unye maneno.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: damu haina haraka. Mtu akianza kazi, badiliko huonekana baada ya sekunde kama 2, hufika kileleni kati ya sekunde 5 na 8, na kurudi chini kunachukua zaidi ya sekunde 10 baada ya kazi kwisha. Mpangilio wote wa jaribio unaongozwa na mwendo huo wa pole.

Hatua ya 1: Kibali, na maneno ya kumweleza mtu

Utafiti wowote wa afya kwa binadamu unahitaji kibali cha kamati ya maadili. Kwa Tanzania kibali cha kitaifa hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na taasisi nyingi zina kamati zao pia. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili ambacho mama muuza samaki anakielewa. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe akubali.

Kigumu ni maelezo ya mdomo. Kofia yenye waya na taa nyekundu, hapa kwetu, huzaa maneno. Mzee mmoja aliketi kwenye kiti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akainama kunisogelea: "Mwanangu, hii itaona na mambo ya nyumbani kwangu?" Nilicheka ndani kwa ndani, lakini swali lilikuwa la maana kuliko nusu ya fomu yangu. Nikamwambia: "Hapana, mzee. Inaona damu ikiongezeka au ikipungua hapa kwenye paji, basi. Hata ukiwaza deni la mtu haitajua." Nikamulika mwanga kwenye kiganja changu mwenyewe, akaona hauchomi. Fanya hivyo kwa kila mtu. Usiseme "tunasoma ubongo wako". Neno kusoma ndilo linaloleta habari za Freemason.

Hatua ya 2: Pima kwanza kwa vipande vya mbao

Usikimbilie kompyuta. Anza na jaribio la Corsi, lililotungwa na Philip Corsi katika tasnifu yake ya mwaka 1972 Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alipokuwa akifanya kazi na Brenda Milner. Fundi seremala yeyote atakutengenezea kwa bei ya kawaida: vipande 9 vya mraba, kila upande sentimita 3 hivi, vigandishwe kwenye ubao kwa kutawanywa, visipangike mistari. Namba 1 hadi 9 ziandikwe upande wako tu, mpimwaji asizione.

Gusa vipande viwili kwa kidole, kimoja kila sekunde. Mpimwaji anarudia kwa mpangilio uleule. Kila urefu una majaribio mawili. Akipata hata moja, ongeza kipande. Akikosa yote mawili, simama. Watu wazima wengi wenye afya huishia vipande 5 au 6. Andika idadi hiyo, maana utaitumia kuamua mzigo wa jaribio linalofuata, na itakusaidia baadaye kumwelewa mtu ambaye damu yake haikupanda.

Kwa nini tusirekodi ubongo hapohapo kwenye mbao? Kwa sababu kunyoosha mkono kunasogeza kichwa, na kichwa kikisogea kipokezi kinanyanyuka kwenye ngozi. Utapata mawimbi makubwa ya kuvutia ambayo hayahusu ubongo hata kidogo.

Hatua ya 3: Jaribio la skrini

Hapa mtu atakaa tuli na kubonyeza kitufe kimoja. Mimi natumia nukta inayotokea katika moja ya miraba 9 ya skrini. Programu ya bure ya PsychoPy inatosha kulitengeneza. Kuna ngazi tatu. Katika ngazi ya sifuri, mtu anabonyeza nukta ikitokea katikati. Hapo hakuna cha kukumbuka, ni macho na kidole tu, na ndiyo itakayokuwa kipimo cha kulinganishia. Katika ngazi ya kwanza anabonyeza nukta ikirudi pale ilipokuwa nukta iliyotangulia. Katika ngazi ya pili anabonyeza ikirudi pale ilipokuwa nukta ya pili kabla yake, na hapo ndipo jasho linapoanza.

Wayne Kirchner alitumia jaribio la aina hii mwaka 1958. Ngazi ya tatu ipo, lakini sishauri kuanza nayo. Mtu akilemewa kabisa hukata tamaa kimyakimya, anaendelea kubonyeza ovyo, na damu ya mbele inashuka badala ya kupanda. Mchoro wake utaonekana kama wa mtu aliyeona kazi ni rahisi. Ndiyo maana lazima uhifadhi majibu sahihi, makosa na muda wa kujibu wa kila nukta. Bila hivyo mchoro wa damu haufasiriki.

Hesabu ya muda iwe hivi: nukta inaonekana nusu sekunde, kisha sekunde 2 tupu. Nukta 12 ni sekunde 30. Maelekezo ya skrini sekunde 5, mapumziko wastani wa sekunde 25. Duru moja ni dakika 1. Ngazi tatu mara duru 5 ni dakika 15. Ongeza dakika 2 za utulivu mwanzoni. Zaidi ya hapo watu wanaanza kusinzia.

Mapumziko yasilingane. Yacheze kati ya sekunde 20 na 30. Shinikizo la damu lina mawimbi yake ya asili yanayojirudia kila sekunde 10 hivi, na mapumziko yaliyopimwa sawasawa yanaweza kwenda nayo mguu kwa mguu, ukadhani ni ubongo.

Kuna ujanja mwingine wa wapimwaji wa kuuangalia. Mtu mwerevu ataipa miraba majina: juu kulia, katikati, chini kushoto. Akishafanya hivyo anakumbuka maneno, si mahali. Alan Baddeley na Graham Hitch walitenganisha mambo haya mawili katika nadharia yao ya mwaka 1974: kuna ghala la sauti na maneno, na kuna ubao wa picha na mahali. Kuficha mistari ya miraba kunasaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kumuuliza baada ya jaribio: "Ulikuwa unashikaje?" Andika jibu lake kama alivyolisema. Mchezaji mmoja wa bao aliniambia alikuwa anaziona nukta kama kete zinazotembea. Jibu hilo lilinieleza mengi kuliko alama zake.

Mwache ajizoeze bila kofia mpaka apate majibu 8 kati ya 10 kwenye ngazi ya kwanza. Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta mazoezi yatachukua muda. Mpe muda huo, la sivyo utapima hofu ya kibodi.

Hatua ya 4: Chumba

Jua lina infraredi tele, na Mwanza tuna jua mara mbili: la juu na linaloruka kutoka ziwani. Rekodi zangu za kwanza nilizifanya saa kumi jioni katika chumba kinachotazama maji, pazia jepesi la maua. Zote zilikwenda na maji. Siku hizi naziba dirisha kwa kitambaa cheusi kizito, na kofia yenyewe naifunika kitambaa cheusi kingine juu. Jaribu: rekodi nusu dakika taa ikiwa imewashwa, nusu nyingine ikiwa imezimwa. Mistari ikiruka, bado hujaziba.

Laptopu na kifaa vichajiwe usiku, na wakati wa kurekodi chaja ing'olewe ukutani. Umeme ukikatika katikati ya duru ya tisa hutapoteza kitu, na kelele ya umeme wa hezi 50 inapungua. Feni iwepo, isielekezwe usoni. Joto likizidi, damu ya ngozi hupanda, na mwanga wako unapita kwenye ngozi hiyo mara mbili, ukienda na ukirudi.

Hatua ya 5: Mtu mwenyewe

Kwa ufukwe huu swali la kwanza ni: "Umelala?" Dagaa wanavuliwa usiku, gizani, kwa taa. Mvuvi aliyetoka majini alfajiri akaja kwako saa tatu asubuhi amekesha, na kukesha kunaiathiri kumbukumbu ya kazi moja kwa moja. Mpangie siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa wengi wanapumzika. Hiyo kalenda ya mwezi ni ya bure na haina haja ya programu.

Uliza pia chai au kahawa ya saa ngapi, sigara, dawa, na kama amekula. Uliza malaria ya karibuni, kichocho, na selimundu. Si umbea: magonjwa haya yanapunguza au kubadili hemoglobini, na hemoglobini ndiyo kitu pekee unachokipima. Selimundu, ambayo kanda hii inayo kwa wingi, hubadili pia mtiririko wa damu ubongoni. Ukiweza kupima wingi wa damu kwa tone la kidoleni, pima, uandike.

Kisha mwache akae dakika 10. Mji wetu ni wa vilima na mawe. Aliyepanda kwa miguu mpaka Bugando anafika moyo ukimwenda mbio, na hutaki kurekodi kilima.

Hatua ya 6: Kofia

Hapa wengi hukosea bila kujua. Mkanda wa paji peke yake unashika zaidi ncha ya mbele kabisa ya ubongo. Eneo maarufu kwa kumbukumbu ya mahali liko juu zaidi na pembeni, nyuma ya mstari wa nywele. Tunalijua kwa sehemu kubwa kutokana na nyani: Joaquin Fuster mwaka 1971 alikuta seli za mbele zinazoendelea kufanya kazi wakati mnyama anasubiri, baada ya alama kutoweka, na mwaka 1989 Shintaro Funahashi, Charles Bruce na Patricia Goldman-Rakic wakaonyesha kwamba kila seli ya aina hiyo ina mahali pake inapopashika. Ukibaki kwenye paji tu, sema kwamba umepima paji tu.

Tumia futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kibonyeo kati ya pua na paji, kupitia utosini, hadi kifundo cha kisogoni. Asilimia 10 ya urefu huo kutoka mbele ndiyo alama ya Fpz, moja ya majina ya kawaida ya nafasi za kichwani. Weka kalamu ya nyusi hapo. Kutoka alama hiyo kofia inakaa, na nafasi za F3 kushoto na F4 kulia ndizo zinazokupeleka jirani na eneo unalolitaka. Pima pande zote mbili. Kushoto na kulia zihakikishwe kwa sauti, watu wawili, maana kofia iliyovaliwa kinyume haikupi onyo lolote.

Nywele nyeusi humeza mwanga, na melanini ya ngozi pia. Sehemu kubwa ya kazi za kifaa hiki zimefanyika Ulaya, Marekani na Asia Mashariki, kwa hiyo usishangae kitabu cha kifaa kikiwa kimya kuhusu rasta na vitunguu. Si kwamba haiwezekani: kule Keneba, Gambia, watafiti walipima watoto wachanga na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kinachotakiwa ni subira na kijiti cha mbao cha kutenganishia nywele, unywele kwa unywele, chini ya kila taa. Mpigie mtu simu siku mbili kabla umwombe asisuke mistari mipya. Anayevaa hijabu apangiwe mpimaji wa kike na chumba kilichofungwa. Na usimwondoe mtu kwenye orodha kimyakimya kwa sababu mwanga wake ni hafifu. Andika umeondoa nani na kwa nini, la sivyo utafiti wako utabaki na wenye vipara.

Paji lifutwe kwa pamba na spiriti. Mafuta ya nazi na Vaseline huifanya kofia iteleze. Kaza kiasi cha kofia ya kawaida. Ikibana sana, mtu ataanza kukunja uso dakika ya kumi, na msuli wa paji ni adui yako.

Hatua ya 7: Kurekodi

Kabla ya kubonyeza kuanza, tazama mistari ghafi. Ukiona mapigo ya moyo, kijiwimbi safi karibu kila sekunde, mwanga unafika. Chaneli, yaani jozi ya taa na kipokezi, isiyo na mapigo ni mbovu. Rudi kwenye nywele. Kama kifaa kina chaneli fupi, zile ambazo taa na kipokezi vimekaribiana kwa milimita 8 hivi, hakikisha nazo zinafanya kazi. Hizo zinaona ngozi tu, na baadaye zitakusaidia kuitoa ngozi kwenye hesabu.

Mwambie asizungumze, asitafune, asinyanyue nyusi. Hakikisha alama za mwanzo wa kila duru zinaingia kwenye faili la kifaa, si kwenye kompyuta ya jaribio pekee. Jogoo akiwika, mtoto akilia, mtu akikohoa, andika saa kwenye daftari. Usimpongeze katikati.

Hatua ya 8: Kuchambua

Programu za bure zipo, kama MNE-Python na nyongeza yake ya MNE-NIRS. Homer3 nayo hutolewa bure ila inataka MATLAB. Mpangilio wa kawaida: ondoa chaneli mbovu, badili mwanga kuwa kiwango cha umezaji, rekebisha mitikisiko, geuza kuwa hemoglobini kwa kanuni ya Beer na Lambert iliyorekebishwa, inayohusisha mwanga uliomezwa na kiasi cha kitu kilichoumeza, kisha chuja. Mapigo ya moyo yako karibu na hezi 1, yaani mara moja kwa sekunde, pumzi karibu na 0.25, na mawimbi ya shinikizo karibu na 0.1. Duru zetu za dakika 1 ziko karibu na hezi 0.017, kwa hiyo ukikata mawimbi yaliyo chini ya 0.01 kazi yako inabaki salama.

Kipimo changu cha haraka ni hiki: damu yenye oksijeni ikipanda huku isiyo na oksijeni ikishuka, kuna matumaini kwamba ni ubongo. Zikipanda pamoja, shuku ngozi au shinikizo. Halafu linganisha ngazi ya pili na ngazi ya sifuri, si na mapumziko, maana kwenye mapumziko mtu anawaza nauli.

Damu nyingi mbele haimaanishi akili nyingi. Aliyezoea anaweza kutumia kidogo kwa kazi ileile. Usimpe mtu mmoja mmoja hukumu kutokana na mchoro wake, na akikuuliza "nimefaulu?" mwambie alama zake za majibu, basi.

Kofia ikivuliwa

Nakili faili mahali pawili kabla mtu hajatoka mlangoni. Futa vipokezi kwa spiriti, kausha kofia kivulini. Mpe nauli yake na maji ya kunywa. Paji litakuwa na vibonyeo vya duara vitakavyotoweka baada ya muda mfupi. Mwambie mapema, asije akajiona kwanza kwenye kioo cha bodaboda.